Ala ya Mzee Kinyanjui na Injinia wa Kaptembwo

Nakuru hii yetu imewahi kuwa na mainjinia wawili tu. Wa kwanza ni yule aliyepitisha reli. Wa pili ni Muiruri wa Kaptembwo. Na yule wa reli, ukimuuliza Muiruri, alibahatisha tu.

Kazi ya Muiruri ni kushona viti vya nduthi. Hiyo tu! Kiti cha pikipiki yako kikipasuka, unampelekea pale kibandani karibu na steji, anabandua leda kuukuu, anapanga sponji, anamwagia leda mpya maji ya moto ndio ilegee, anaivuta mpaka inang'ang'ania kiti kama mtoto mgongoni, anagonga misumari midogo, unapanda, unaenda zako. Kwa hiyo kazi hakuna mtu wa kumgusa, tusidanganyane. Mikono ya huyo jamaa Mungu aliitengeneza akiwa hana haraka.

Shida ni mdomo. Mdomo ulikuja bila breki.

Juu ya kibanda ameandika na rangi nyekundu: INJINIA WA NGOZI – VITI, SOFA, NDEGE. Sofa ameshona mbili. Ndege hajashona hata moja, lakini hiyo anasema si makosa yake, ni vile hawajaleta.

Sasa sikiza hapa vizuri, kwa sababu balaa yote imejificha hapa. Ile leda anashona inatoka dukani ikiwa imeviringwa kama mkeka. Baba yake plastiki, mama yake plastiki. Ngozi yenyewe, ile iliyowahi kutembea na kula nyasi, Muiruri alikuwa hajawahi kuifanyia kazi hata siku moja. Ngozi pekee aliyoijua kwa karibu ni ya kuku, na hiyo ikiwa na kachumbari kando.

Injinia wa ngozi!

Haya. Muiruri alikuwa na mchumba, Mugure, anayeuza dawa kwa kemisti moja huko Section 58. Msichana wa maneno machache na akili nyingi, mpaka watu wa steji walikuwa wanajiuliza aliona nini kwa hii redio. Lakini roho ikipenda imependa. Wazee wa Muiruri walikuwa wameshapanda Elburgon kwa kina Mugure mara mbili, mambo ya mahari yakaelewana, na ngurario ikapangwa Jumamosi baada ya wiki tatu.

Kama hujawahi kwenda ngurario ya Wakikuyu, iko hivi. Nyimbo ni nyimbo, chakula ni chakula, lakini kitu yenyewe ni kiande. Hiyo ni bega la mbuzi, limechomwa likaiva. Bwana anasimama mbele ya watu, anashika kisu, anakata kiande pale kwa kiungo, anampa bibi kipande. Ukishakata, huyo ni bibi yako, hata mvua inyeshe mawe. Usipokata, wewe ni mgeni tu aliyekuja kula pilau. Na wazee wanakukodolea mikono wakati huo. Ukianza kupapasa mfupa kama mtu anayetafuta kiberiti stima ikipotea, utasimangwa mpaka wajukuu wako wasimangwe.

Kwa Mzee Kinyanjui, babake Mugure, kulikuwa na nyongeza. Kisu cha kukata kiande ni kimoja tu, cha marehemu babake, kinakaa kwenye ala ya ngozi ambayo huyo marehemu aliishona mwenyewe. Mkwe wa kwanza alikitoa kwenye hiyo ala mbele ya watu. Mkwe wa pili pia. Hiyo ndiyo sheria ya hiyo boma: kisu unakichomoa wewe mwenyewe, hupewi kikiwa nje.

Ila ala ilikuwa imezeeka. Ngozi imelegea, uzi wa kando umelika, kisu kimekaa ndani kama mguu wa mtoto kwenye gambuti ya babake. Siku Muiruri alipoenda kusalimia, ikiwa imebaki wiki moja tu, Mzee aliamka kuitoa kwenye msumari ukutani ndio amwonyeshe. Ile kugeuka tu, kisu kikateleza, kikashuka, kikasimama wima kwenye mbao za sakafu, nusu inchi kutoka kwa kiatu kipya cha Muiruri.

Mtu mwenye akili angevuta mguu. Muiruri alicheka.

"Mzee, hiyo nipee mimi," akasema. "Hiyo ni kazi ya dakika kumi."

Mzee Kinyanjui ni mtu mrefu, mkavu, anakuangalia kama anakupimia mbao. Akamuuliza, "Wewe unajua ngozi?"

"Mzee, ngozi ndiyo inanijua mimi."

Mugure alimkanyaga mguu chini ya meza. Alikanyaga kile kiatu kipya, na alikanyaga na kisigino. Haikusaidia. Mzee alikuwa ameshaifunga ala na kisu ndani ya kitambaa, polepole, kama mtu anayefunga mtoto, akamwekea mikononi. Akamwambia airudishe ikiwa inashika kisu vizuri, na siku ya kiande mkwe akitoe kwa mkono wake mwenyewe. Akarudi kwa chai yake. Watu kama hao ndio hatari.

Wakiteremka kwenda barabarani, Mugure ndiye aliyemaliza maneno. Alimwambia Muiruri kwamba babake hajawahi kumwachia mtu hiyo ala, hata ndugu yake wa tumbo moja. Kwa hivyo asidhani amepewa kazi. Amewekwa kwa mizani.

"Ukiiharibu, mimi narudi kwa dawa zangu, wewe unarudi kwa viti vyako," akasema. "Na hakuna mtu ataongea tena."

Muiruri akamwambia atulie. Injinia yuko kazini.

* * *

Kando ya kibanda cha Muiruri kuna Kipsang, mtu wa pancha. Kipsang ametoka juu Kuresoi, babu yake alikuwa na simi, ule upanga mfupi, na ala yake mpaka akafa, na Kipsang alikuwa akiitengeneza naye kila mwaka. Alipoiona ala ya Mzee Kinyanjui aliishika kwa heshima, akainusa, akaanza kueleza bila kuulizwa. Unaipaka maji baridi, baridi kabisa, mpaka ikuwe laini. Kisu unapaka mafuta kidogo, unakifunga na nailoni ndio kisipate kutu, unakirudisha ndani. Unafinya na vidole pole pole ngozi ikubali umbo la kisu. Halafu kivulini, siku mbili, usiiharakishe. Ikikauka unashona kando upya. Imeisha hiyo.

Muiruri alimsikiza vile watu husikiza matangazo ya kanisa.

"Kipsang," akasema, "wewe ni mtu wa upepo. Unaweka hewa kwa mpira. Hii ni ngozi, achia wenyewe."

Kipsang akarudi kwa mpira wake. Muiruri akaweka sufuria kwa moto.

Kwa sababu yeye anajua nini? Anajua leda. Na leda unaifanyia nini ikilegea? Unaipa maji ya moto! Na kama maji ya moto kidogo inafanya kazi kidogo, basi maji yanayochemka itafanya kazi ya uprofesa. Akachukua ala, kisu kikiwa ndani vile vile, uchi, bila mafuta wala nailoni, akatumbukiza kwenye sufuria, akafunika. Kama mayai. Alichungulia baada ya dakika kumi akaona ngozi inajikunja, inajifinya, inakumbatia kisu kama ndugu waliopotezana kitambo. Akaongeza dakika kumi ingine ya kumshukuru Mungu. Kibanda kizima kilinuka supu.

Halafu akaitoa, akaiweka juu ya jiko ikauke chap chap.

Saa saba mchana alikuwa mshindi wa dunia! Aliinua ala kichwa chini, kisu hakikuanguka. Akaitikisa. Hakikutoka. Akaruka nayo juu na chini kama morani. Wapi! Akaita steji nzima, akasimama kwenye ndoo, akawaeleza vile wazungu wanasomea haya mambo miaka saba na yeye ameyamaliza na sufuria ya githeri. Watu wakapiga makofi. Muuza miwa wa steji akampa kipande cha bure.

Kipyegon, wa nduthi, hakupiga makofi. Huyo ana tabia mbaya ya kufikiria.

"Sasa itoe tuone," akasema.

Muiruri akashika mpini, akavuta kwa madaha, kidole kidogo kikiwa juu. Akavuta tena, kidole kikashuka. Akavuta na mikono yote miwili. Akakaa chini, akaweka ala kati ya miguu, akavuta mpaka shingo ikatoa mishipa kama kamba.

Kisu kilikuwa kimeoa hiyo ala. Bila mahari, bila wazee.

Ngozi ilikuwa imekuwa mti. Ukiigonga inalia ko ko ko. Watu wa steji wakaanza kukumbuka wana wateja, mmoja mmoja, kwa adabu.

* * *

Kuanzia hapo Muiruri hakushona kiti tena. Wiki nzima ilikuwa vita yake na ala.

Jumatatu alijaribu koleo, akakwaruza mpini, akaiacha kwa woga. Jumanne alimshikisha Kipsang upande mmoja, yeye akashika upande ule mwingine, wakavutana kama watoto wa nasari wanagombania daftari, mpaka wote wakaangukia karai la maji ya pancha. Jumatano alipata wazo kubwa. Mawazo makubwa ya Muiruri huwa yanaanza na maneno "hii ni fizikisi tu".

Alifunga mpini wa kisu kwa kamba, kamba akaifunga kwenye mti wa stima. Ala akaifunga kwa kamba ingine, hiyo akaifunga kwenye keria ya nduthi ya Kipyegon, pale nyuma watu hubebea magunia. Akamwambia Kipyegon aende polepole. Kipyegon akaenda polepole, kamba ikakaza, hakuna kitu. Muiruri akamwambia aongeze. Kipyegon akaongeza, tairi ikaanza kuchimba vumbi, hakuna kitu. Muiruri akapiga kelele aachilie yote.

Kipyegon akaachilia yote!

Pakalia paaa! Nduthi ikaruka kama swara, ikaingia kwa mama wa nyanya, ikatokea upande ule mwingine ikiwa nyekundu. Keria ilibaki nyuma, imeng'oka na bolti zake nne, imelala barabarani bado imefungwa kamba. Na mwisho wa kamba, kisu ndani ya ala. Wametulia. Kama wanaenda honimuni.

Jioni Mugure akapiga simu, akauliza kama kisu kinashika kwa ala sasa.

"Kinashika," Muiruri akasema. Na kwa mara ya kwanza kwa hii hadithi alikuwa anasema ukweli mtupu.

Kipsang alimwonea huruma. Alimwambia kuna njia moja imebaki: apande Elburgon kabla ya Jumamosi, aketi mbele ya Mzee, aseme amekosa. Mzee atakasirika, atanyamaza, atapata fundi wa ngozi aukate ule uzi wa kando atoe kisu, ala ishonwe tena. Maisha itaendelea.

"Injinia hakosei," Muiruri akajibu. "Injinia anachelewa tu."

Akaenda kwa bucha ya Natasha. Huyo Natasha alimwambia ngozi ikikauka dawa yake ni mafuta ya kondoo, na kwa hiyo hakudanganya, isipokuwa hakuambiwa ngozi imechemshwa kama kwato. Alimpimia mkia mzima wa kondoo, na mafuta yake yote. Muiruri akakiyeyusha, akapaka. Asubuhi akapaka. Mchana akapaka. Akilala anapaka. Kufika Ijumaa ala ilikuwa inang'aa kama paji la uso la mhubiri, na inanukia kama Krismasi. Kisu hakikutikisika hata nywele moja.

Kitu kilichotikisika ni mbwa. Mbwa wote wa Kaptembwo walianza kumsalimia. Akitoka anasindikizwa, akirudi anapokewa. Wengine walikuwa wanamngoja nje ya choo. Muiruri alidhani ni heshima.

* * *

Jumamosi ikafika. Elburgon ilikuwa imevaa ukungu na tenti mbili nyeupe. Akina mama wa boma wanaimba, wazee wamejifunga shuka mabegani, viti vya plastiki vimepangwa mistari, Kipsang na watu wa steji wamejaza ule wa nyuma. Upande wa Muiruri msemaji alikuwa mjomba wake Nderitu, mzee wa kanisa, tumbo mbele. Upande wa kina Mugure mwenye maikrofoni alikuwa Kihara, ndugu ya mamake, mtu ambaye hata akiomba chumvi anatumia maikrofoni.

Nderitu aliposimama alimwaga sifa mpaka Muiruri mwenyewe akaona haya, na hiyo si kitu ndogo. Alisema wameleta kijana ambaye ngozi ikimwona inajinyoosha. Alisema ile ala ya boma, iliyokuwa imeshindwa na wakati, imerudishiwa ujana wake na mikono ya mkwe. Akina mama wakapiga ngemi, vile vigelegele vya Kikuyu. Mzee Kinyanjui alitingisha kichwa kidogo, karibu atabasamu. Mugure alimwangalia Muiruri, akaona jasho linamtiririka kwa hiyo baridi yote, akajua. Wanawake wanajuanga.

Kiande kikaletwa kwa sinia, kinatoa mvuke. Kihara akatangaza bwana achomoe kisu.

Muiruri akashika ala, inateleza mafuta. Alikuwa amejiambia wiki yote kwamba siku yenyewe atakuwa na nguvu ya bwana arusi, ile nguvu spesheli. Akavuta.

Nguvu spesheli haikuwa imekuja. Labda ilikosa gari.

Akageuza mgongo kidogo, akavuta tena. Akaanza hotuba. Alishukuru wazazi, akashukuru mvua, akashukuru serikali ya kaunti kwa sababu ambazo mpaka leo hazijulikani, na muda wote anavuta nyuma ya koti. Mabega yanaruka juu chini kama mtu ana kwikwi. Bibi mmoja mzee akauliza kwa sauti kama kijana ni mgonjwa.

Nderitu akamnyang'anya, akasema kijana ana wasiwasi tu, akavuta yeye. Akakohoa. Akasema inataka mtu mrefu. Akaja mtu mrefu. Akasema inataka mtu mnene. Ukishaona wanaume wa Elburgon wameambiwa kuna kitu kimekataa kutoka, umeona foleni! Kila mmoja anavua shuka, anatema mate mikononi, anawaambia wengine warudi nyuma. Mzee wa lori alivuta. Mwalimu alivuta, akaeleza kwa nini amekosa. Wawili wa kwaya wakavuta pamoja kwa sauti mbili. Mikono yote imejaa mafuta ya kondoo, kiande kinapoa, na akina mama wameimba wimbo mmoja mara tisa sasa wanaangaliana.

Wa mwisho alikuwa Kihara. Alivuta na mkono mmoja, maikrofoni kwa mwingine, boma yote ikasikia vile anaguna. Mpini ukamteleza. Akaweka ala chini kwa nyasi, sekunde moja tu, apanguse mkono.

Sekunde moja!

Boma hiyo ina mbwa, jina lake Bosko, rangi ya maharagwe, sikio moja limelala. Tangu asubuhi alikuwa amelala chini ya meza akimwangalia Muiruri kwa mapenzi ambayo Mugure hajawahi kumwangalia nayo. Bosko hakukimbia. Alitembea, akainama, akachukua ala mdomoni na kisu chake, akaenda zake chini ya tangi ya maji.

Watu mia moja wakasimama. Hakuna aliyesonga. Mbwa mwenye meno tumezoea. Mbwa mwenye meno na kisu ni kesi ingine! Mpini umetokea upande mmoja wa mdomo, anaugeuzia kila anayekaribia. Nderitu alisonga hatua mbili, Bosko akageuza kichwa, Nderitu akakumbuka goti lake ni bovu. Kihara akatangaza kwa maikrofoni Bosko arudishe kisu. Bosko hakuwa mtu wa matangazo.

Basi ikabidi watu wasimame tu wasikize. Kru kru kru. Kru kru kru. Boma yote kimya, shuka mabegani, mvuke wa chai unapanda, na mbwa anatafuna urithi. Muiruri alitamani ardhi ifunguke, lakini kwa vile mambo yalivyokuwa yanaenda siku hiyo, hiyo pia ingekataa kufunguka.

Dakika kumi. Zile dakika kumi alizomwambia Mzee, hesabu ni hiyo hiyo.

Bosko akatoka na ala mdomoni, imekuwa laini kama chapati, imeraruka mpaka chini, akaenda nayo nyuma ya ghala la mahindi. Kisu kilibaki chini ya tangi, peke yake, nje. Mzee Kinyanjui ndiye aliyekiokota. Akakigeuza kwenye mwanga. Chuma chote kilikuwa chekundu kwa kutu, kama bati la choo.

Akaja mpaka mbele ya Muiruri. Hakuinua sauti.

"Ulifanya nini?"

Muiruri akafungua mdomo. Mara ya kwanza tangu azaliwe, ndani hakukuwa na kitu kimejipanga. Alimwangalia Mugure. Mugure alikuwa amefunga mikono kifuani, anangoja kama vile mtu anangoja matokeo ya damu.

"Nilichemsha," akasema.

"Ulichemsha."

"Kwa sufuria. Kisu kikiwa ndani. Niliambiwa maji baridi na kivuli, na Kipsang yule pale, nikamdharau. Mzee, ngozi sijui. Najua viti vya nduthi. Pole."

Kihara aliweka maikrofoni chini, na hiyo ndiyo ilifanya watu waogope kabisa.

Mzee aliangalia upande wa ghala la mahindi, kule ala ya babake ilikuwa inamaliziwa. Kidevu kikamtetemeka kidogo. Watu wakadhani analia. Halafu mabega yakaanza, halafu meno mawili ya mbele yakatokea, na yule mtu mkavu ambaye kanisa yake haijawahi kumwona akicheka, alicheka mpaka ikabidi ashike mti wa tenti.

"Babangu aliishona miaka mingi kabla ya huyu mbwa," akasema akipangusa macho. "Yeye angekuchapa. Mimi nimechoka. Utaleta ngozi ya mbuzi, utakuja hapa kila Jumamosi, na huyo Kipsang ndiye atashika uzi, wewe utashika maji. Baridi."

Mugure hakucheka. Alichukua kisu kwa mkono wa babake, akaenda nacho jikoni, watu wakasikia anasugua na jivu na jiwe kama ana ugomvi nacho. Akarudi, chuma kinawaka, akamshikisha Muiruri.

"Kata," akasema. "Na usiongee."

Muiruri akakata. Kimya, mkato mmoja, pale pale kwa kiungo, kiande kikaachana kama mlango. Wazee wakaangaliana. Nilisema mikono haina ubishi! Akampa Mugure kipande, Mugure akala, ngemi zikapanda mpaka ukungu ukasogea. Imeisha. Bibi ni wake.

Na ingeisha hapo. Lakini muulize Muiruri kama anajua kuacha kitu pale kimefika.

Baada ya chakula akaanza kupona. Soda ya kwanza, mgongo ukanyooka. Soda ya pili, akamwambia jirani yake kwamba ukiangalia vizuri, kuchemsha ndiko kulikolainisha ile kazi ya mbwa, kwa hivyo tuseme walishirikiana. Akiwa katikati ya hiyo, Kihara akapuliza maikrofoni.

"Kabla hatujafunga," akasema, "kuna mtu ametufanyia kazi kubwa leo na hatujamshukuru. Wazee wamesema kipande cha mwisho cha kiande ni chake. Injinia wa ngozi, tafadhali, kuja mbele."

Makofi! Muiruri akaweka soda chini. Akafunga kifungo cha koti. Akapungia watu mkono mmoja kushoto, mmoja kulia, akaanza kutembea kati ya viti polepole, kifua mbele, vile mtu anatembea akijua anapigwa picha.

Alikuwa amebakisha hatua tatu Bosko alipompita.